Themanini na Tatu ya Mativo

Mwaka wa sabini na tano, mwezi wa saba, wakati wa baridi ile ya Nairobi inayoingia mpaka ndani ya soksi, Rispa wa Ziwani alipewa barua ofisini kwao. Ilimtaka aeleze kwa maandishi, kabla ya saa nne asubuhi ya Jumatatu, kwa nini asifukuzwe kazi. Barua yenyewe ilikuwa imepigwa taipu vibaya. Hilo lilimuudhi karibu sawa na habari iliyokuwemo, maana mpiga taipu wa kitivo kizima alikuwa yeye, na huyo aliyeipiga hiyo barua alitumia vidole viwili na kusahau nukta.

Ngojeni kwanza niwaeleze huyu Rispa ni nani, ndipo tuirudie barua.

Alikuja mjini akiwa bibi arusi wa Owino, fundi wa reli, kutoka upande wa Yala. Owino alifariki kwa homa ya mapafu akamwachia nyumba ya kupanga ya kaunsili, msichana wa miaka tisa aliyeitwa Anyango, na cherehani mbovu. Rispa hakuwa mtu wa cherehani. Alikwenda madarasa ya jioni kwenye ukumbi wa mtaa, akajifunza kupiga taipu pamoja na wasichana ambao angeweza kuwazaa. Mtihani wa kwanza alianguka. Makosa yaliyoruhusiwa yalikuwa kumi, yeye alifanya kumi na moja. Hakumwendea mtu kumwambia kwamba la kumi na moja lilikuwa dogo. Alirudi nyumbani, akachora vitufe vya mashine juu ya kadibodi ya sanduku la sabuni, akawa anapiga hiyo kadibodi kila jioni huku ugali unaiva, mpaka vidole vikazijua njia vyenyewe. Mara ya pili alifanya makosa mawili. Anaweza kukutajia mpaka leo yalikuwa neno gani na neno gani.

Basi ndiye huyo aliyekaa miaka kumi na mmoja katika chuo kikuu, nyuma ya dirisha dogo la mbao, akipiga kwenye stensili za kutolea nakala alama za watoto wa watu. Na kila mwaka, matokeo yakibandikwa ubaoni, watoto hao walimjia.

Lo! Kama hujawaona wale huwezi kujua majivuno ni nini. Vijana ambao mama zao walikuwa bado wanajitwika maji walisimama pale dirishani na suruali pana chini kama kengele, viatu vya soli nene kama matofali, nywele zimechanwa zikasimama, na kila mmoja alikuja kama mtu aliyeibiwa. Hakuna aliyesema ameanguka. Walisema "wameangushwa", kana kwamba walikuwa wanapita zao kwa heshima na mwalimu akawatilia mguu.

Kulikuwa na mmoja aliyehesabu kurasa. "Mama, mimi niliandika kurasa kumi na nne. Gedi aliandika tisa. Gedi amepata sitini, mimi hamsini na moja. Hiyo ni hesabu gani?" Mwingine alikuwa mtu wa kwanza wa lokesheni yao kufika chuo kikuu, walimchinjia ng'ombe alipokuwa anaondoka, sasa akirudi na arobaini na nne atawaambia nini wale waliokula nyama? Rispa alimjibu kwamba awaambie arobaini na nne. Akaja msichana mmoja, Warigia, sauti nyororo, akasema yeye hadai chochote, ila anaona kwa jinsi anavyojijua moyoni yeye ni mtu wa sabini.

"Unavyojijua moyoni," Rispa alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Basi nenda ukabandike moyo ubaoni."

Jioni, akivua viatu sebuleni, alimsimulia Anyango, na Anyango alicheka mpaka akajishika mbavu. Anyango sasa alikuwa na miaka ishirini na mitano, nesi katika zahanati ya mtaa, mwenye ulimi mkali na asiye na haraka ya kuolewa. Hilo la kutokuwa na haraka lilimkosesha mama yake usingizi, lakini ni habari nyingine. Au tuseme, si nyingine sana, mtaona.

Turudi kwenye barua. Mwaka ule karatasi za historia zilisahihishwa na Mskoti mmoja aliyekuwa anamaliza mkataba wake. Siku ya mwisho aliketi kando ya Rispa, akawa anachukua karatasi moja moja kutoka kwenye rundo, anasoma jina na alama iliyoandikwa juu ya jalada, Rispa anarudia kwa sauti, kisha anapiga. "Mativo. Tatu, nane." "Mativo, tatu, nane." Tak, tak. Walipomaliza karatasi zilifungwa kwenye sanduku zikapelekwa Dar es Salaam kwa mtahini wa nje, naye Mskoti akapanda ndege kwenda kwao. Kwa hiyo wiki mbili tatu hizi, ushahidi pekee wa alama za watu mia moja na kumi ulikuwa vidole vya Rispa.

Mativo, mwenye ile thelathini na nane, akaliona hilo. Kwa kusoma vitabu alikuwa mvivu, lakini pengo la namna hiyo aliliona upesi kama kipanga anavyoona kifaranga. Alama ya kufaulu ilikuwa arobaini. Aliyekosa angeingia orodha ya wale ambao baraza la kitivo lingeamua Jumatatu kama warudie mtihani au wafunge virago. Mativo akaandika barua kwa mkuu wa kitivo, Dokta Thuo, kurasa tatu, akisema kwamba yeye alipata themanini na tatu, na kwamba mpiga taipu, "ama kwa uchovu wa umri ama kwa chuki", amezigeuza tarakimu nyuma mbele.

Uchovu wa umri! Rispa alikuwa na miaka arobaini na saba.

Dokta Thuo alikuwa mtu wa kuogopa kelele. Wanafunzi waligoma mwezi wa pili kwa sababu ya maharagwe, na hakutaka wagome tena kwa sababu ya tarakimu. Alipeleka simu ya maandishi Dar. Akajibiwa kwamba mtahini amesafiri. Alimwita Rispa.

"Mama Rispa, huwezi kuwa ulikosea?"

"Naweza. Mimi ni mtu. Lakini hapa sikukosea."

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Daktari. Yule Mzungu alipofika kwa Mativo aliguna kabla ya kusoma."

"Siwezi kuliambia baraza kwamba Mzungu aliguna."

Ndipo akaipiga ile barua mwenyewe kwa vidole viwili. Kama Jumatatu kutakuwa na neno la Mativo na neno la Rispa peke yake, alisema, italazimika kuonekana kwamba ofisi imechukua hatua. Miaka kumi na mmoja ikawa imewekwa mizani moja na kijana asiyejua kuweka kituo mahali pake. Rispa alikwenda nyumbani Ijumaa hiyo kwa miguu, bila kumsalimu mtu.

Jumapili alasiri, baada ya kanisa, alikuwa mezani na karatasi tupu mbele yake, hajui aanzeje kueleza jambo ambalo halina maelezo zaidi ya kwamba si kweli. Mlangoni kukabishwa hodi.

Walikuwa wawili, wazee. Mwanamume alivaa koti zito la kijivu, na kwenye mikunjo ya mikono kulikuwa na vumbi la mbao ambalo halikutoka hata kwa brashi ya Jumapili. Mwanamke alifunga kitambaa cheupe kichwani na kubeba kiondo kilichojaa.

"Hodi ya watu wema," akasema mzee. "Mimi naitwa Maingi, nachonga vinyago, nakaa Shauri Moyo. Huyu ni dada yangu Nzembi, ametoka nyumbani Machakos jana kwa ajili ya safari hii. Tunamtafuta Mama Anyango."

"Mmempata. Karibuni ndani."

Waliketi. Nzembi akatoa kwenye kiondo mbaazi, kisha chupa ya asali iliyozibwa kwa gunzi, akaviweka mezani taratibu, bila kueleza. Rispa aliitazama asali. Akawatazama wale wageni jinsi walivyokaa, magoti pamoja, kofia ya mzee mapajani. Akahisi joto likimpanda shingoni. Watu wazima wawili, wageni kabisa, Jumapili, na asali ya posa!

"Anyango!" aliita, sauti imekuwa nyingine. "Weka chai. Vikombe vile vya kabatini."

Nyuma ya pazia la chumba cha pili kitu kilianguka.

"Mama," Mzee Maingi alianza, baada ya kuulizia baridi, mvua na afya, "sisi hatukuja kwa vita. Tumekuja kwa sababu kijana wetu ana kitu chake humu ndani ya nyumba hii."

"Aa," akasema Rispa.

"Yeye mwenyewe yuko nje pale kwenye ua wa michongoma. Tumeona si adabu aingie kabla wazee hawajasikilizana."

"Ni adabu nzuri. Na hicho kitu, mzee, chenyewe kinajua kwamba kinatafutwa?"

Maingi alifikiri. "Kitu hakina mdomo, mama. Kitu hungoja kupewa mwenyewe."

"Chetu kina mdomo," akasema Rispa, na nyuma ya pazia kukakoholewa.

Nzembi akaingilia, macho yamemlowa. "Mama, mwenzangu, wewe ni mzazi. Miaka mitatu kijana anakihangaikia. Miaka mitatu! Halali. Amekonda. Anasema asipokipata hatuonyeshi uso wake tena nyumbani."

Miaka mitatu! Rispa aligeukia pazia akiwa na maswali mengi kwa yule aliyekuwa nyuma yake, lakini mbele ya wageni alijizuia. "Na nyinyi kama wazazi," aliuliza kwa upole, "mmejiandaa vipi?"

Maingi akanyoosha mgongo. "Sisi tunasema wazi, hatutaki kupunguziwa. Ni themanini na tatu. Zote."

Rispa alishika meza. "Themanini na tatu?"

"Themanini na tatu."

"Ng'ombe themanini na tatu?"

Pazia lilifunguka, Anyango akatoa kichwa. "Mama, kubali upesi kabla hawajahesabu tena!"

Maingi alimtazama msichana, akamtazama mama, kisha akatazama asali, na polepole, kama mtu anayeona ufa kwenye mti aliouchonga siku nzima, alielewa.

"Si ng'ombe, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Alama. Alama za Mativo. Ametuambia umezishika."

Sitawaficha, Rispa alipata uchungu, maana kwa dakika tano alikuwa ameoza binti. Anyango alirudi nyuma ya pazia na kicheko chake kilisikika mpaka uani. Lakini Rispa hakucheka. Aliondoka pale alipokuwa ameketi, akaenda mlangoni, akaita kuelekea ua wa michongoma:

"Wewe themanini na tatu! Ingia!"

Mativo aliingia. Hata pale, kwenye nyumba ya mwanamke aliyekuwa anamwondolea chakula mezani, aliingia kwa mwendo ule wa kuning'iniza bega moja. Mkononi alishika kitabu kinene cha Kiingereza. Sijui alikuja nacho cha nini, labda kiwe shahidi.

"Niaje, mathe," alisema.

Mjomba wake, Mzee Maingi, alimtazama kwa namna iliyomfanya aongeze upesi, "Shikamoo, mama."

Rispa alimgeukia mzee. "Mzee Maingi, nikueleze alama ni nini, au unajua?"

"Sijui kusoma, mama. Lakini mimi ni mchongaji. Kwetu kwenye chama kuna mkaguzi. Unamletea twiga kumi, anawapanga mstari, anawatazama miguu, masikio, msasa. Wawili anawarudisha. Hukatai. Unawachukua ukaenda kurekebisha."

"Huyo mkaguzi hajatumiwa wazee nyumbani kwake?"

"Nani atume?" Maingi alishangaa kweli. "Atawaambia nini? Kwamba twiga wa miguu mitatu asimame?"

"Mjomba, hii si mambo ya twiga," akasema Mativo. "Hii ni injastisi, dhuluma tupu. Huyu mama alibadilisha namba. Kila mtu kwenye chuo anajua mimi ni mtu wa aina gani."

"Kila mtu anajua," akakubali Rispa.

Maingi aliinua mkono. "Ngoja. Mimi nataka kuelewa kazi yenyewe. Mlipewa maswali mangapi?"

"Manane. Unachagua manne."

"Na kila moja lina alama ngapi?"

"Ishirini na tano."

Mzee alikunja vidole, akahesabu kimyakimya. "Mia moja. Sawa. Sasa wewe, haya manne uliyaandikaje, hata huyu mama akaona wivu?"

Hapo ndipo kijana alipong'aa. Ndugu zangu, mtu mwenye majivuno hana haja ya kuchunguzwa, ni wa kumwachia nafasi azungumze. Mativo aliketi bila kuambiwa, akaweka kitabu kwenye goti.

"Mjomba, mimi si mtu wa kuandika ovyo. Wale wengine wanakimbilia yote manne, nusu hapa, nusu pale, kama kuku anayedonoa. Mimi nilichukua mawili nikayachimba mpaka chini. Mawili tu, lakini kwa kina! Mtu mwenye akili akiyasoma yale mawili ataona wazi kwamba hayo mengine ningeyaweza pia. Kuna haja gani kuyaandika?"

Rispa alikuwa amefungua kinywa. Akakifunga. Alimtazama mzee, akaona vile vidole vinakunjuka, kisha vinakunjwa upya, kimoja, viwili.

"Uliandika mawili," akasema Maingi.

"Kwa kina."

"Kila moja ishirini na tano."

"Ndiyo, mjomba."

"Hamsini." Mzee aliinamisha kichwa. "Hata kama mkaguzi angekuwa ni mama yako mzazi, ni hamsini. Hizi themanini na tatu nilizozibeba kutoka Shauri Moyo zilitoka wapi?"

Nzembi, mama yake, alikuwa wa kwanza kuelewa, akajifunika uso kwa ncha ya kitambaa. Mativo alitazama kitabu chake. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, bega la pili nalo lilishuka, yote mawili yakawa sawa.

"Ilikuwa ni... ni kama makadirio," alisema.

"Makadirio!" Anyango alirudia nyuma ya pazia, kwa starehe kubwa.

"Huyu mama wanataka kumfukuza kazi kesho," Rispa alisema, akijitaja kama mtu mwingine. "Saa nne. Kwa makadirio yako." Akaisukuma ile barua ya Dokta Thuo mbele ya Mzee Maingi, kisha akakumbuka hasomi, akamsomea. Alipofika pale Dokta aliponukuu "uchovu wa umri" alisoma hivyo hivyo, bila kuruka.

Maingi alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alimwuliza Rispa kama ana kalamu.

Ile karatasi tupu ambayo Rispa alikuwa ameikodolea macho mchana kutwa akapewa Mativo. Aandike, mjomba wake alisema, kwa mkuu wake, na kesho saa tatu watakwenda naye mpaka mlangoni, kwa miguu, na kama ana aibu ya kuonekana na mzee wa vumbi la mbao basi hiyo aibu aivae vizuri.

Mativo akaandika. Rispa akapokea, akasoma kwa sauti: "'Kutokana na mkanganyiko uliojitokeza baina ya pande zote mbili...'" Akamrudishia. "Pande gani mbili? Rudia."

Akaandika tena. "'Kutokana na shinikizo la masomo, mwandishi wa barua hii huenda alikumbuka visivyo...'" Rispa akamrudishia. "Huenda? Rudia."

Mara ya tatu alitumia robo saa. Chai ilikuwa imepoa kwenye vikombe vya kabatini. "'Sikupata themanini na tatu,'" Rispa alisoma. "'Nilijibu maswali mawili kati ya manne. Nilijua haiwezekani. Mama Rispa hakukosea. Nilijua karatasi ziko Dar, nikasema uongo.'" Kulikuwa na kosa moja la tahajia. Aliliacha.

"Hii imekwenda," alisema.

Na sasa sikilizeni, maana kama mtasahau mengine yote, hili msilisahau. Mzee Maingi alikuwa amesimama anavaa kofia, Nzembi anaomba radhi kwa mara ya nne huku anakataa kurudishiwa asali, nao wakawa wametangulia nje na Anyango. Mativo akabaki nyuma mlangoni. Aliinama akamsogelea Rispa, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye aibu. Ulikuwa uso wa mtu aliyepata wazo.

"Mathe," alinong'ona, "sasa hii barua nimeandika vizuri, ama vipi? Umesema mwenyewe imekwenda. Si ningepewa hata mbili tu kwa hiyo? Thelathini na nane na mbili, ni arobaini. Hakuna mtu anaumia."

Rispa alimtazama.

Akafunga mlango.

Jumatatu saa tatu Dokta Thuo alisoma barua ya Mativo akiwa amesimama, na mchongaji wa Shauri Moyo amesimama mbele yake na kofia mkononi. Alisoma mara mbili. Kisha akaichukua ile barua yake ya vidole viwili kutoka kwenye faili akaichana, akamwambia Rispa kwamba mambo haya hutokea, jambo lililokaribia zaidi kuomba radhi kuliko lolote Rispa alilowahi kumsikia akisema. Rispa alimwambia asante, akamwomba siku nyingine akitaka kumfukuza amwachie yeye mwenyewe aipige hiyo taipu. Halafu akaketi akapiga orodha ya baraza. Baraza lilimwonea Mativo huruma ambayo Rispa asingekuwa nayo, likampa nafasi ya kurudia mtihani mwezi wa tisa.

Aliurudia. Aliandika yote manne safari hii, maana likizo nzima mjomba wake alimweka chumba cha nyuma na kumfungulia saa za kula tu. Akapata hamsini na mbili. Lakini sheria ya mtihani wa marudio inajulikana, imebandikwa hata mlangoni: uwe umepata hamsini, uwe umepata tisini, unaandikiwa arobaini, alama ya kufaulu, basi.

Siku ya matokeo alikuwa wa kwanza kwenye foleni, nywele zimechanwa.

"Mathe," alisema, "mimi nilipata hamsini na mbili. Hizi kumi na mbili zangu ziko wapi?"

Rispa alimwambia asogee, kuna watu nyuma yake.